Starfield, Saa Ishirini za Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu mpya anapoingia Starfield, yamepangwa kuanzia ya kabla ya kununua hadi yale yanayozuka ukishazama. Majina ya ujuzi, miji na misheni tumeyaacha jinsi yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta kwenye menyu. Hadithi kuu hatuifichui, isipokuwa kidogo katika swali la 22.

## Kabla ya kununua

1. Starfield ni gemu ya namna gani hasa?

Ni gemu ya kuigiza mhusika katika ulimwengu wazi, kazi ya Bethesda Game Studios chini ya Todd Howard. Ilitoka rasmi tarehe 6 Septemba 2023 kwenye Xbox Series X, Series S na kompyuta za Windows. Walionunua toleo ghali waliingia siku tano mapema. Hadithi iko mwaka 2330. Wanadamu walishaihama Dunia, na wewe ni mchimba madini kwenye mwezi wa Vectera unayegusa kipande cha chuma kisichoeleweka, kisha ukajikuta umeingizwa katika kikundi cha wavumbuzi kiitwacho Constellation.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni hili: Starfield ni ndugu wa damu wa Skyrim na Fallout 4. Utamu wake uko mijini, kwenye mazungumzo, kupekua majengo na kupigana kwa bunduki. Anayeingia akitafuta gemu ya urubani au ya kuzurura angani bila dira atakata tamaa jioni ya kwanza, na malalamiko mengi ya awali yalitoka kwa watu wa namna hiyo. Hawakusema uongo. Walikuwa wanatafuta samaki shambani.

2. Ni kweli kuna sayari elfu moja?

Ni kweli, zinazidi 1,000 katika mifumo ya nyota ipatayo 120. Ila zilizotengenezwa kwa mikono, zenye miji na watu wa maana, ni chache: New Atlantis kwenye Jemison, Akila City, Neon, Cydonia kwenye Mars, na vituo vingine vidogo. Zilizobaki hupangwa na kompyuta. Unachagua mahali pa kutua, gemu inatandaza kipande cha ardhi na kukutupia majengo kutoka kwenye akiba yake.

Akiba hiyo ndiyo chanzo cha lawama. Jengo la maabara ulilolivamia leo utalikuta tena kesho kwenye sayari nyingine, lenye vyumba vilevile, maiti zilezile na barua zilezile mezani. Dawa yake ni kutotua ovyo. Tua pale misheni inapokupeleka, na ukiona jengo unalolijua, liache.

3. Naweza kupaa kutoka ardhini hadi angani kwa mkono wangu?

Hapana. Kupaa, kutua na kuruka kati ya nyota ni filamu fupi unazoziita kwa kubonyeza kitufe. Unaendesha chombo ukiwa angani tu, jirani na sayari, hasa wakati wa mapigano. Hata ardhini kipande ulichotua kina mpaka. Ukiufikia utaambiwa ufungue ramani uchague mahali pengine.

Safari huwa na raha zaidi ukiacha menyu. Washa skana (kitufe F kwenye kibodi, LB kwenye padi), elekeza kwenye alama ya misheni, bonyeza kitufe cha kusafiri. Unafika kulekule, ila unahisi unasafiri badala ya kujaza fomu.

4. Kompyuta yangu itaweza?

Kiwango cha chini kilichotangazwa ni prosesa ya AMD Ryzen 5 2600X au Intel Core i7-6800K, RAM GB 16, kadi ya michoro ya Radeon RX 5700 au GeForce GTX 1070 Ti, na nafasi ya GB 125 kwenye SSD. Kinachopendekezwa ni Ryzen 5 3600X au Core i5-10600K pamoja na RX 6800 XT au RTX 2080.

Neno SSD hapo si pambo. Waliojaribu kuiweka kwenye diski ya kuzunguka walikuta sauti inachelewa nyuma ya midomo, na gemu inaganda kila wanapokatiza mtaa. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya kufikiria kadi mpya. Kwa kasi ya picha, soma swali la 23.

5. Kuipakua kunachukua data kiasi gani? Inahitaji intaneti kila siku?

Hesabu kama GB 125. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, hiyo ni takriban saa 28. Kwa megabiti 20 ni saa 14. Bando la simu litaisha kabla ya gemu kuisha kushuka, kwa hiyo tafuta faiba au mtu mwenye faiba. Ukiwa na rafiki aliyeinunua Steam, njia ya nafuu ni kunakili folda yake kwenye SSD ya nje, kuiweka mahali pake kwenye kompyuta yako, kisha kuiagiza Steam isakinishe kwa akaunti yako uliyonunulia. Itakagua mafaili yaliyopo na kupakua yanayokosekana tu.

Ni gemu ya mchezaji mmoja. Ikishasakinishwa unaweza kuicheza Steam ikiwa nje ya mtandao. Kiswahili hakimo, maandishi yako katika lugha tisa, zikiwemo Kiingereza na Kifaransa. Washa manukuu ya mazungumzo, yatakusaidia majina yanapoanza kurundikana.

6. Nimesoma maoni ya 2023 yakilalamika mambo mengi. Bado ni kweli?

Baadhi ndiyo, baadhi yamepitwa na wakati. Oktoba 2023 ilikuja slaida ya upana wa mtazamo. Novemba mwaka huo ikaja DLSS (teknolojia ya kuongeza kasi ya picha) kwa wenye kadi za Nvidia, pamoja na uwezo wa kula chakula palepale unapokiona badala ya kukibeba kwanza. Mei 2024 zikaja ramani za miji zinazosomeka (mwanzoni New Atlantis ilikuwa vidoto vyeupe tu kwenye skrini, aibu tupu), fremu 60 kwa sekunde kwenye Series X, na mipangilio ya ugumu inayokuruhusu kurekebisha hata pesa za wauzaji. Agosti 2024 likaja gari la Rev-8, unalinunua kwa fundi wa vyombo, na mwezi uliofuata nyongeza ya kulipia ya Shattered Space.

Ambacho hakikubadilika ni muundo wenyewe: filamu za kutua, majengo yanayojirudia, mwanzo wa polepole. Kama hayo ndiyo yaliyokukera kwenye video za watu, subiri punguzo la bei.

## Kuumba mhusika

7. Nichague historia ipi ya mhusika?

Ziko 21, na kila moja inakupa ujuzi tatu za kuanzia. Hazikufungi, ujuzi wote uliobaki unaweza kuufikia baadaye. Kwa hiyo tazama ujuzi, usitazame jina.

Kwa mgeni tunapendekeza Bounty Hunter: inakupa Piloting, Targeting Control Systems na Boost Pack Training, yaani pointi tatu ambazo ungezitumia hata hivyo. Soldier nayo ni nzuri kwa asiyejali anga, kwa kuwa ina Fitness, Ballistics na Boost Pack Training. Anayependa kumaliza mambo kwa mdomo achukue Diplomat, yenye Persuasion na Commerce.

8. Na zile sifa za ziada, ni lazima?

Si lazima, unaruhusiwa mpaka tatu, na kila moja ina upande mtamu na upande mchungu. Kid Stuff inakupa wazazi walio hai unaoweza kuwatembelea, nao wanapata asilimia 2 ya pesa zako. Wanarudisha kwa zawadi, na mazungumzo yao ni kati ya yanayochekesha kuliko yote ndani ya gemu. Wanted inawaleta wawindaji wa vichwa mara kwa mara, na hao huja na silaha na vyombo vya kuteka, kwa hiyo kwa anayejua kupigana ni riziki inayokuja mlangoni. Dream Home ni nyumba nzuri yenye deni la krediti 125,000. Kwa anayeanza ni mzigo.

Sifa za dini tatu hazichanganyiki, za uraia vilevile. Ukiichoka sifa fulani, nyingi zinaweza kuondolewa baadaye kupitia mazungumzo au tendo fulani. Kwa Kid Stuff, kwa mfano, unawaambia wazazi kwamba huwezi tena kuwatunza. Inauma kidogo kuyasoma majibu yao.

9. Pointi za ujuzi niziweke wapi mwanzoni?

Unapata pointi moja kwa kila leveli, na ujuzi uko 82 katika matawi matano: Physical, Social, Combat, Science na Tech. Safu ya pili ya tawi inafunguka ukishaweka pointi 4 humo, ya tatu pointi 8, ya nne pointi 12. Kila ujuzi una daraja nne, na hupandi daraja kwa pointi peke yake. Lazima kwanza utimize changamoto yake, kama kufungua kufuli kadhaa au kuharibu vyombo kadhaa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanarundika pointi wakisubiri ujuzi mkubwa wa chini, halafu wanagundua changamoto hazihesabiki kabla hujanunua daraja la kwanza. Nunua daraja la kwanza la kila unachokitumia kila siku, mapema, changamoto zijikamilishe zenyewe.

Mpangilio wa pointi kumi za mwanzo unaofanya kazi kwa mtu yeyote: Boost Pack Training (bila huo, begi la kurushia mgongoni ni mzigo tu, halifanyi kitu), Security (kufungua kufuli), Targeting Control Systems, Piloting, Weight Lifting, kisha ujuzi wa silaha unayoipenda, mara nyingi Ballistics kwa kuwa bunduki za risasi ndizo nyingi. Baada ya hapo ongeza Persuasion na Commerce. Ujuzi wa kambi na utafiti wa kisayansi uache kwanza. Sababu iko swali la 21.

Weight Lifting inapanda kwa kukimbia huku mzigo umefika asilimia 75 ya uwezo wako au zaidi. Usijali, utakuwa hapo kila siku.

## Saa za kwanza ndani ya gemu

10. Mwanzo unanichosha. Nivumilie mpaka wapi?

Mpaka umalize misheni ya Into the Unknown. Kabla ya hapo gemu inakutembeza: Vectera, maharamia wa Kreet, New Atlantis, kisha misheni mbili tatu za kukusanya vipande. Into the Unknown ndiyo inayofungua nguvu za ajabu, na bila kuifika hujaiona gemu nzima.

Njia tunayoipenda ni hii: fika The Lodge (makao ya Constellation huko New Atlantis), maliza misheni ya The Old Neighborhood na Sarah Morgan, kiongozi wao, endelea na hadithi kuu mpaka Into the Unknown, halafu iache kabisa na uende kwenye misheni za vikundi. Ukifuata hadithi kuu peke yake toka mwanzo hadi mwisho utakuwa umekula mchele bila mchuzi.

11. Misheni za kikundi gani nianze nazo?

UC Vanguard, kikosi cha kujitolea cha serikali ya United Colonies (UC), bila kusita. Nenda jengo la MAST huko New Atlantis, ongea na Commander Tuala, fanya jaribio la kuendesha chombo kwenye mashine ya mazoezi. Kinachoanza kama kazi ya tarishi kinageuka simulizi ya kutisha iliyoandikwa vizuri kuliko hadithi kuu yenyewe.

Ya pili ni Freestar Rangers, inayoanza ukifika Akila City na kukuta benki imevamiwa. Zawadi yake ya mwisho ni chombo cha Star Eagle, ambacho kwa bei ya bure hakina mpinzani. Ryujin Industries, ya huko Neon, ni ya wanyatiaji; usiiguse bila pointi chache kwenye Stealth. Crimson Fleet, kundi la maharamia, iache mpaka uwe umetulia, kwa sababu inakulazimu kuchagua upande mwishoni.

12. Nikijiunga na kikundi kimoja, vingine vinanifungia mlango?

Hapana. Unaweza kuwa askari wa UC, mlinzi wa Freestar na mpelelezi wa kampuni kwa wakati mmoja, na hakuna atakayekuuliza. Mgongano wa kweli ni ule wa Crimson Fleet dhidi ya UC SysDef, kikosi cha UC kinachowawinda maharamia hao, tu.

13. Kwa nini napumua kama mgonjwa na afya inashuka bila kupigwa?

Umebeba kuliko uwezo wako. Ukizidisha, kila hatua inakula oksijeni. Ikiisha, kaboni dayoksaidi inajaa, na ikijaa unaanza kuumia. Isitoshe, usafiri wa papo hapo kwa miguu unakataliwa.

Sehemu kubwa ya mzigo wa mgeni ni takataka. Tazama thamani ukigawanya kwa uzito. Bunduki yenye uzito wa 4 na thamani ya 2,000 ichukue. Ya uzito wa 10 na thamani ya 900 iache. Vikombe, kalamu, mipira na mimea ya chungu havina kazi yoyote. Madini ya kujengea ndiyo yanayoua watu kimyakimya, kwa sababu kila kipande kina uzito mdogo na hutokea ukabeba mia mbili bila kujua.

Pa kuweka: mwenzi wako wa safari hubeba, chombo hubeba (Frontier, kile cha kuanzia, kinabeba 450), na ukiwa ndani ya mita 250 kutoka kwenye chombo unaweza kuhamisha vitu moja kwa moja kupitia menyu. Hazina ya kudumu ni The Lodge. Chini kwenye karakana kuna sanduku lisilo na kikomo, na chumbani kwako kuna jingine. Weka madini yote humo. Meza za kutengenezea vitu za The Lodge ziko hatua mbili tu kutoka kwenye sanduku hilo.

14. Wauzaji wanaishiwa pesa. Nifanyeje?

Kila muuzaji ana kiasi chake, mara nyingi krediti elfu chache, na kinajirudia baada ya saa 48 za UT, yaani saa za ulimwengu, si saa za sayari uliyopo. Tofauti hiyo ndiyo ujanja wenyewe. Tua Venus, kaa kwenye kiti, subiri saa moja ya hapo: saa 100 za UT zimepita, na kila duka limejaa tena. Au rekebisha mipangilio ya ugumu iliyotajwa swali la 6. Utapungukiwa kidogo na pointi za uzoefu.

15. Kufuli za duara zinanimalizia digipick (vifaa vya kufungulia). Kuna mbinu?

Anza na pete ya nje, lakini kabla ya kusukuma kitu zungusha kila ufunguo uone unaingia pete zipi. Ufunguo unaoingia pete moja tu, wa pete hiyo. Baadhi ya funguo zimewekwa kukudanganya na hazitumiki kabisa. Kosa la kawaida ni kutumia ufunguo wa pete ya ndani kwenye pete ya nje kwa sababu tu umeingia, kisha kukwama mwishoni. Kurudi nyuma kunakula digipick.

Security daraja la kwanza inafungua kufuli za Advanced. La pili linafungua Expert, na pete inageuka bluu ufunguo unapoingia, jambo linalopunguza nusu ya maumivu ya kichwa. Hifadhi mchezo (F5) kabla ya kuanza.

## Chombo na anga

16. Nakufa kila ninapopigana angani. Nakosea wapi?

Karibu kila mara jibu ni umeme wa chombo, wala si wepesi wa mikono. Upande wa kushoto chini ya skrini kuna nguzo: LAS ni leza, BAL ni risasi, MSL ni makombora, ENG injini, SHD ngao, GRV mashine ya kuruka kati ya nyota. Riakta haiwezi kuzijaza zote. Ondoa kila kitu kwenye GRV vita inapoanza, jaza SHD, kisha gawa kilichobaki kati ya silaha na injini.

Leza hula ngao, risasi hula bodi. Piga kwa leza mpaka ngao ya adui iishe, ndipo umalizie kwa risasi na makombora. Wengi wanafyatua vyote kwa pamoja, risasi zinapotea kwenye ngao.

Tatu, kasi. Ukienda kasi ya juu kabisa chombo kinageuka kama lori. Kwenye kipimo cha mwendo kuna eneo lililoangaziwa katikati. Liweke hapo ndipo chombo kinapogeuka upesi. Ukisikia onyo la kombora, bonyeza kitufe cha kuongeza kasi ghafla, kombora litapoteza shabaha. Beba vifurushi vya Ship Parts vya kujitengeneza katikati ya vita, kama kumi hivi.

Frontier ni dhaifu. Kubadili ngao na kuongeza mzinga mmoja kwa fundi wa vyombo huleta tofauti kuliko leveli tano za mhusika.

17. Nimeteka chombo cha maharamia lakini nikikiuza faida haionekani. Kwa nini?

Kwa sababu lazima ukisajili kwanza, na ada ya usajili inakula sehemu kubwa ya bei. Utekaji ni wa kupata chombo cha kutumia, si biashara.

Hatua zenyewe: punguza ngao, ingia hali ya kulenga (inahitaji Targeting Control Systems), piga ENG mpaka ziishe bila kuua chombo, sogea hadi mita 500, funga chombo na chombo, ingia, maliza waliomo, kaa kiti cha nahodha. Shehena yako ya zamani inahamia kwenye kipya. Vyombo vya daraja B vinahitaji Piloting daraja la tatu, na C la nne. Daraja hizo zinadai kuharibu vyombo vingi, na mashine ya mazoezi ya UC Vanguard iliyotajwa swali la 11 inahesabiwa. Wapo wanaokaa humo saa nzima kabla hawajaanza kazi yoyote. Mwisho wa vyombo unavyoweza kumiliki ni 10.

18. Alama ya njano kwenye kitu ni nini, na mbona nakamatwa nikiingia miji mikubwa?

Ni magendo. Mifumo yenye serikali inakukagua ukiwasili. Bila sehemu ya shehena yenye kinga, utakamatwa au kutozwa faini. Njia nyepesi ni kuyapeleka The Den, kituo kilicho mfumo wa Wolf: hakuna ukaguzi, na mnunuzi wa Trade Authority, kampuni inayonunua magendo, yuko ndani. Magendo uliyoyabeba mkononi nayo yanakaguliwa, kwa hiyo kuyaficha mfukoni hakusaidii.

19. Mafuta yakiisha nitakwama angani?

Huwezi kukwama. Tangi linaamua tu urefu wa safari moja, kisha linajijaza. Kinachokuzuia kufika mbali ni umbali wa mruko wa grav drive (ile GRV ya swali la 16), na mifumo ambayo bado hujaipita njiani.

## Sayari, kambi na mambo ya pembeni

20. Dunia ipo? Naweza kutua nyumbani?

Ipo kwenye mfumo wa Sol, haina hewa, haina bahari, ni mchanga mtupu. Ukitua ilipokuwa Mombasa au Unguja utapokewa na vumbi. Kilichobaki ni alama chache, miongoni mwao piramidi za Giza na Burj Khalifa ya Dubai. Hazionekani kwenye ramani mpaka usome kitabu fulani ndani ya gemu kinachohusu mahali hapo. Vitabu vimetapakaa kwenye majengo na madukani. Hakuna zawadi kubwa kule. Watu huenda kusimama tu.

21. Nijenge kambi? Nichunguze sayari kwa asilimia mia?

Uchunguzi, ndiyo, ukiwa njiani. Skani kila mmea na kila mnyama mpaka ufike asilimia 100 (bila ujuzi wa kupunguza, ni mara nane kwa kila aina), kisha muuzie data Vladimir wa Constellation kwenye kituo cha angani cha The Eye. Analipa vizuri kuliko wauzaji. Anza na sayari zisizo na uhai, zinakamilika dakika chache.

Kambi, hapana, si mwanzoni. Zinadai pointi nyingi za Science, madini mengi, na faida yake ni madini zaidi ya kujengea kambi zaidi. Anayependa kujenga kwa raha yake ajenge. Ila asome swali linalofuata kabla hajatumia saa arobaini.

22. Ni kweli nikimaliza gemu napoteza kila kitu?

Hapa tunagusa mwisho, ruka kama hutaki. Mwishoni unapewa nafasi ya kuvuka na kuanza upya. Ukivuka unabaki na leveli, ujuzi na nguvu zako. Krediti, silaha, vyombo, kambi na mahusiano vinabaki ulikotoka. Unapewa vazi na chombo maalumu, vinavyoboreka ukivuka tena, ingawa chombo hicho huwezi kukibadili kwa fundi.

Hulazimiki kuvuka. Unaweza kugeuka na kuendelea na maisha yako. Ushauri wetu: maliza misheni za vikundi katika ulimwengu wa kwanza ukiwa na watu uliowazoea, na ujenzi mkubwa ufanye pale utakapoamua kubaki. Seivu iliyotengwa kabla ya kuvuka ni ya lazima.

23. Picha inakwama mijini. Nibadili nini?

Tatizo la New Atlantis na Akila mara nyingi ni prosesa, kwa hiyo kushusha ubora wa picha peke yake hakutoshi. Anza na Crowd Density, ipeleke chini. Fuatisha vivuli na mwanga wa ukungu. Kisha washa FSR (inayofanya kazi kama DLSS) au DLSS yenyewe na ushushe kipimo cha picha hadi asilimia 70 hivi. Sasisha dereva ya kadi, na usikatize maandalizi ya mwanga na rangi yanayoonekana mara ya kwanza unapowasha gemu. Wanaoyakatiza ndio wanaolalamika kukwamakwama saa nzima ya mwanzo.

24. Nimekuta barua inayomtaja Mantis. Niende nikiwa leveli ya chini?

Unaweza, ila kwa akili. Maficho ya Mantis yako Denebola I-b, mfumo wa leveli ya 30, kwa hiyo maharamia wa nje watakuchana. Shusha ugumu wa gemu kwa muda, beba mabomu, tumia korido nyembamba. Ndani kuna sakafu ya herufi. Kanyaga kwa mpangilio T-Y-R-A-N-N-I-S, ukikosea bunduki za ukutani zinakuamkia. Ukipita utapata vazi zuri sana na chombo cha Razorleaf, ambacho tayari kina sehemu yenye kinga ya kubebea magendo. Rudi swali la 18.